Hita ya Maji Moto: Msizibe Vali Inayodondosha

Mwezi huu tunajibu barua ya mama mmoja wa parokia ya mjini. Anaandika kwamba yeye na mumewe wamemaliza nyumba yao, na kwa ajili ya baridi ya huku kwetu nyanda za juu wamefunga bafuni hita ya umeme ya lita 80. Hita inafanya kazi vizuri. Ila kwa chini, pale bomba la maji baridi linapoingia, kuna kifaa kidogo cha chuma chenye mkono wa plastiki, nacho hudondosha maji kila hita inapowashwa. Fundi amewaambia kwamba kwa fedha kidogo tu anaweza kukiziba wasisumbuke tena kupangusa sakafu. Mama anauliza: je, kuna ubaya wowote?

Upo, tena mkubwa. Mama, msikubali kabisa.

Huenda wengine watashangaa kuona ukurasa wa afya ukizungumzia mabomba. Sisi tunaoosha vidonda vya moto wodini hatushangai. Tangu tulipoanza kazi hii, walio wengi tunaowapokea wameunguzwa na sufuria iliyopinduka, chai iliyomwagika au ndoo ya maji ya kuoga iliyoachwa chini mtoto akiwa karibu. Hao hadi leo ndio wengi. Lakini nyumba zenye hita zinaongezeka mijini, na pamoja nazo hatari ambayo bibi zetu hawakuijua: maji moto yaliyofungiwa.

Wasomaji wa umri wetu wanazikumbuka boila za kuni kwenye nyumba za masista na za mapadre. Lilikuwa pipa la chuma nyuma ya jiko, kuni zikiwaka chini yake, na juu ya pipa bomba jembamba lililopanda hadi kupita paa, mdomo wake ukiwa umeinama kama shingo ya bata. Mchochezi akisahau kuni nyingi humo, maji yalichemka na kutapika juu ya mabati, na nyumba nzima ikasikia. Kelele zilikuwa kubwa, na mchochezi alisemwa siku nzima, lakini pipa halikupasuka, kwa sababu lilikuwa na njia ya kupumua. Hapana mtu aliyefikiria kupanda juu ya paa akaliziba lile bomba.

Hita za siku hizi zimefungwa pande zote. Maji baridi huingia kwa chini, maji moto hutoka kwa juu, na hakuna bomba lililo wazi kwenda hewani. Faida yake ni kwamba maji hutoka kwa nguvu ileile ya bomba la mtaani au ya pampu, tena tangi laweza kufungwa popote nyumbani. Lakini maji yakipata moto huongezeka ukubwa, nayo hayabinyiki. Lita 80 za maji ya nyuzi 15, ambayo ndiyo baridi ya mabomba yetu asubuhi nyingi, zikipashwa hadi nyuzi 65 huongezeka kwa karibu lita moja na nusu. Ni chupa kubwa nzima ya maji ya dukani. Chupa hiyo itakwenda wapi? Kurudi kwenye bomba la maji baridi haiwezi, kwa sababu kile kifaa kidogo kina ndani yake kilango kinachoruhusu maji kuingia na kuyazuia kurudi. Bomba la maji moto nalo limefungwa kwa koki. Imebaki njia moja tu, nayo ni hiyo vali ya usalama anayoiandikia mama. Presha ikipanda kufikia kipimo kilichoandikwa juu yake, vali hufunguka kidogo, hudondosha, kisha hujifunga. Nyingi tulizoziona zimeandikwa bar 8. Bar 8 ni sawa na uzito wa maji yaliyosimama ndani ya bomba la urefu wa mita 80, ilhali simtanki lililoinuliwa mita tano juu ya koki hutoa nusu bar tu.

Kwa hiyo matone yale si ugonjwa. Ndiyo tangi linapumua.

Vali ikizibwa, mwanzoni hakuna kitakachoonekana, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Ni kama presha ya damu: mgonjwa anatembea, anacheka, analima, mpaka siku moja. Kila siku hita inapowashwa tangi linatanuliwa, likifunguliwa koki linanywea, kesho tena. Viungio huchoka, mipira ya kuunganishia hupasuka, na baada ya muda chuma chenyewe huanza kuachia kwenye mshono. Familia ikiwa na bahati, tangi litavuja tu na kuharibu dari.

Hatari kubwa zaidi huja pale themostati nayo inapoharibika. Themostati ndicho kifaa kinachozima umeme maji yakifika joto lililopangwa. Ikikwama, koili inaendelea kupasha bila kukoma. Hita iliyotengenezwa vizuri ina kifaa cha pili kinachokata umeme moja kwa moja joto likizidi, na hakirudishi mpaka mtu akibonyeze kwa mkono. Tumeambiwa na mafundi waaminifu kwamba baadhi ya wenzao, wakikuta kifaa hicho kimekata, hukiruka kwa kipande cha waya bila kuuliza kwa nini kilikata. Vali imezibwa, kifaa cha pili kimerukwa, themostati imekwama: hapo nyumbani kuna bomu, wala hatutumii neno hilo kwa kutia chumvi.

Hebu tulieleze jambo hili kwa kitu tunachokijua hospitalini. Huku Njombe, karibu mita 2,000 juu ya bahari, maji katika sufuria huchemka yakifika nyuzi 93 au 94 tu, na ndiyo sababu maharage hutusumbua kuiva. Pwani huchemka kwa nyuzi 100. Lakini maji yaliyofungiwa kwa presha hayachemki kwa nyuzi hizo. Ndani ya mashine yetu ya kutakasia vyombo vya upasuaji, presha inayozidi kidogo tu bar moja juu ya ile ya hewa hufikisha mvuke nyuzi 121, na joto hilo kwa dakika 15 huua vijidudu ambavyo sufuria haiviwezi. Tulipokuwa wanafunzi wa uuguzi, somo la kwanza kuhusu mashine hiyo halikuwa namna ya kuiwasha. Lilikuwa vali yake ya usalama: usiiguse, usiifunge, usiitundikie kitu, na mlango usiufungue kamwe kabla mshale haujarudi sifuri. Basi katika tangi lililofikia bar 8, maji yaweza kupanda hadi kama nyuzi 175 yakiwa bado maji. Tangi likipasuka wakati huo, presha inaondoka ghafla, na sehemu ya maji hayo inageuka mvuke papo hapo. Lita moja ya maji ikiwa mvuke hutaka nafasi ya lita zaidi ya 1,600. Ukuta wa bafu hauwezi kuhimili kitu hicho.

Haya si maneno ya kutisha watoto. Tarehe 19 Januari 1982, katika mji wa Spencer, jimbo la Oklahoma huko Marekani, tangi la maji moto la shule ya msingi ya Star lililipuka wakati wa chakula cha mchana na kubomoa ukuta wa bwalo. Walikufa wanafunzi 6 na mwalimu mmoja, na wengine wengi walijeruhiwa. Uchunguzi ulionyesha kwamba vifaa vya kudhibiti joto na vali ya usalama havikufanya kazi iliyotakiwa. Uingereza kwa miaka mingi haikuruhusu matangi yaliyofungwa majumbani. Ilianza kuyaruhusu katika kanuni za ujenzi za mwaka 1985, kwa sharti kwamba yawe na vifaa vya usalama zaidi ya kimoja, ili maji yasipite nyuzi 100 kwa vyovyote, na kwamba maji yanayotolewa na vali yaelekezwe mahali salama yanapoweza kuonekana.

Sasa tukiri la kwetu. Miaka kadhaa iliyopita, katika hosteli ya wanafunzi wauguzi mahali tulipokuwa tukifanya kazi, hita ya ghorofani ilikuwa inadondosha maji koridoni. Wanafunzi walilalamika kwamba wanateleza, na lalamiko lao lilikuwa la haki. Sisi tuliosimamia hosteli tulimwita fundi, tukamwambia aondoe kero ile. Hatukumwambia namna gani, naye akaweka plagi ya chuma. Sakafu ikakauka, tukamshukuru, tukamlipa. Baada ya miezi michache wanafunzi wakaanza kusema kwamba koki ya maji moto "inakohoa" asubuhi. Tulicheka. Jumamosi moja binti wa mwaka wa pili alifungua koki ajaze ndoo, na badala ya maji ukatoka mvuke ukinguruma pamoja na maji ya kuchemka. Aliungua mkono wa kulia na kifua. Mlinzi, mzee asiyejua kusoma, ndiye aliyetuokoa: alikimbia kwenye ubao wa umeme akashusha swichi kuu, akafukuza kila mtu nje, akakataa katakata mtu yeyote asiguse koki wala tangi mpaka kesho yake. Fundi mwingine alipolifungua tangi lilikuwa limevimba kwenye tumbo kama kopo la nyama iliyooza. Themostati ilikuwa imeungua na kuganda. Yule binti alikaa wodini wiki tano, akapandikizwa ngozi. Leo ni muuguzi mwenzetu, na hadi sasa huvaa mikono mirefu hata wakati wa joto. Tulimwomba msamaha, naye alitusamehe, lakini kovu lipo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, nenda ukaitazame hita yako leo. Kwanza, je, vali ya usalama ipo? Zipo nyumba ambazo fundi hakuifunga kabisa, au alitupa ile iliyokuja na hita ndani ya boksi akidhani ni kipuri cha ziada. Kati ya vali na tangi pasiwe na koki yoyote, kwa sababu siku mtu akiifunga hiyo koki ni sawa na kuziba vali. Bomba linalopokea matone literemke, lisipande, mdomo wake uwe wazi na mahali unapouona, lakini si pale watoto wanaposimama kuoga. Lisiwe la plastiki nyembamba ya kawaida, maana siku ya hatari litapitisha maji ya kuchemka, nayo plastiki ile hulainika. Ule mkono wa plastiki uinuliwe mara moja kwa mwezi, hita ikiwa imezimwa na maji yamepoa, uone maji yakiruka na kisha kukatika. Maji ya visima vingi yana chokaa, na ukoko wake mweupe, kama ule wa ndani ya birika, hugandisha vali isifunguke. Usipotoka hata mchirizi ukiinua mkono huo, vali hiyo ni pambo tu. Ibadilishwe.

Matone nayo yana lugha yake. Yakidondoka wakati hita inapasha na kukoma maji yakishapata moto, ni sawa. Yakidondoka usiku na mchana hata hita ikiwa imezimwa, ama kuna mchanga uliokaa kwenye vali, ama presha ya bomba la mtaani au pampu yenu ni kubwa mno. Fundi asafishe vali au afunge kipunguza presha kwenye bomba linaloingia. Lakini vali ikimwaga maji moto kwa wingi, au ukasikia tangi linanguruma, au koki inakohoa mvuke, zima umeme kwenye swichi kuu, toa watu nje ya chumba, usifungue koki ya maji moto, usifunge maji baridi, usigonge wala kulegeza kitu. Liache lipoe hadi kesho, kisha mwite fundi umeme na fundi bomba kwa pamoja. Tunasema kwa pamoja kwa sababu kila mmoja akija peke yake humtupia mwenzake lawama.

Wenye matangi ya sola juu ya paa msidhani hamhusiki. Jua halina swichi. Familia ikisafiri wiki mbili wakati wa kiangazi bila mtu kutumia maji, tangi hilo hupata moto kupita mnavyodhani. Mengi yana tundu au bomba dogo la kupumulia, na tumewahi kukuta limezibwa kwa kitambaa ili nyuki wasiingie. Wavu mwembamba wa chuma utazuia nyuki bila kuzuia pumzi.

Hata hita iliyo nzima yaweza kuunguza. Maji ya nyuzi 70 huunguza vibaya ndani ya sekunde moja hivi. Ya nyuzi 60, ndani ya sekunde 5. Ya nyuzi 50 huchukua dakika kadhaa kwa mtu mzima. Ngozi ya mtoto na ya mzee ni nyembamba, huungua mapema zaidi. Hapo baadhi ya wazazi hushusha hita hadi nyuzi 40 wakidhani wamepata usalama. Lakini katika maji ya uvuguvugu, kati ya nyuzi 20 na 45, huzaliana bakteria wa Legionella, ambao mtu akivuta matone yake wakati wa kuoga aweza kupata homa kali ya mapafu. Ugonjwa huo ulijulikana baada ya mkutano wa askari wastaafu mjini Philadelphia, Marekani, mwaka 1976. Njia nzuri ni kuacha maji ndani ya tangi yawe nyuzi 60, kisha kuyachanganya na baridi kabla hayajamfikia mtu. Ukimwogesha mtoto, tia maji baridi kwanza, ya moto baadaye, koroga, kisha pima kwa kiwiko na si kwa kiganja kilichozoea masufuria. Usimwache bafuni peke yake hata kama simu inalia.

Na akiungua? Mwondoe kwenye maji moto, mvue nguo zilizolowa haraka, pamoja na pete na shanga, isipokuwa kitambaa kilichogandamana na ngozi. Mimina maji baridi ya bomba juu ya jeraha kwa dakika 20 kamili. Tazama saa, kwa kuwa dakika 20 mtoto akilia huonekana kama saa nzima, na wengi huacha baada ya mbili. Yanafaa hata kama zimepita saa mbili au tatu tangu kuungua. Barafu hapana. Sehemu nyingine za mwili zifunike apate joto. Kisha funika jeraha kwa kitambaa safi kisicho na nyuzi, msije mkatumia pamba. Malengelenge msiyatumbue. Tunawaomba, tena kwa magoti, msipake dawa ya meno, yai, unga, mafuta ya kupikia, asali wala kubandika manyoya ya sungura. Tunalazimika kuvibandua vyote hivyo kabla ya kuona jeraha, na mtoto huumia mara mbili. Aletwe hospitali kila mtoto mdogo aliyeungua. Na mtu mzima aliyeungua eneo linalozidi kiganja chake, au usoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri au kwenye kiungo.

Tumeulizwa pia kuhusu zile hita ndogo za kichwa cha bomba la mvua, zinazopasha maji papo hapo. Hizo hazihifadhi maji, basi hatari yake si presha bali umeme. Hakikisha waya wa athi umeunganishwa kweli, na ukihisi mshtuko hata mdogo ukigusa koki, usioge humo mpaka fundi umeme apime.

Sasa turudi kwa mama yetu. Mwambie fundi asizibe. Afunge bomba dogo la chuma kutoka kwenye mdomo wa vali hadi juu ya tundu la maji machafu la bafuni, libaki wazi. Kabla hajalifunga, fanya kipimo hiki: asubuhi maji yakiwa baridi kabisa, weka chupa ya lita moja na nusu chini ya matone, washa hita, na kwa muda wote wa kupasha mtu asifungue koki ya maji moto. Maji yakishapata moto chupa ikiwa imepokea maji, imejaa au karibu kujaa, hita yenu i salama kwa upande huo. Ikijaa na kumwagika, au matone yakiendelea baada ya taa ya hita kuzimika, mwite fundi asafishe vali na kupima presha. Wenye tangi la lita 50 wategemee lita moja hivi.

Maji ya chupa hiyo ni safi, fulieni nepi.